Aliyevaa Suti Yangu

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usijali, nitakurudishia kwa ufupi. Hadithi ni yangu na aibu ni yangu, kwa hiyo nina haki ya kuirudia.

Nipo ugenini. Nimeomba uraia, na maombi yamekaa ofisini mpaka nimeanza kuyaona kama mgonjwa aliyelazwa. Unakwenda kuulizia hali, unaambiwa subiri, unarudi nyumbani. Muda wote huo unatakiwa uwe mtu safi. Usigombane na mtu, usichelewe kazini, usihamehame nyumba, na usikae na mtu ambaye hukumwandikisha.

Mimi nilikuwa na mtu ambaye sikumwandikisha.

Ni shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, tumbo moja. Alikuja kutembea. Kibali chake kikaisha, yeye hakuisha. Akahamia kwenye kochi la sebuleni, na wewe niambie, kwetu nani ana uso wa kumwambia ndugu wa mkewe, "Bwana, toka"? Nikamwacha. Kwenye maombi tukabaki watu watatu: mimi, mke wangu na binti yetu.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye mahojiano ya pili. Afisa wangu ni mama mmoja ninayemwita Bi Kalamu, kwa sababu kila ukimjibu anabonyeza kalamu yake, ta! Akaniuliza bila kuinua macho:

"Nani analala sebuleni kwako?"

Nikajibu: "Hakuna mtu."

Ta! Akasema nitapigiwa simu.

Hapo ndipo nilipokuacha. Sasa sikia yaliyonikuta.

Njia nzima kurudi nyumbani niliwaza jambo moja tu. Huyu mama amejuaje? Hajawahi kukanyaga kwangu. Tena hakuniuliza tunaishi wangapi, aliuliza nani analala sebuleni. Swali kama hilo haliokotwi barabarani. Kuna mtu alimpelekea.

Nilimkuta mke wangu ameloweka miguu kwenye beseni. Kazi yake ni kuwatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, kuwainua, kuwaogesha na kuwalisha, akirudi miguu inakuwa imevimba.

"Kuna mtu ametuchoma," nikamwambia.

"Nani?"

"Ndicho ninachokuuliza."

Akanitazama. "Unaniuliza kama mkeo au kama mshukiwa?"

Nilichelewa kujibu, na kule kuchelewa ndiko kulikoniponza.

"Una wazimu, baba watoto," akasema. "Nikuchome ili nipate nini? Jina langu si liko humo humo?"

Kweli lilikuwamo. Mke wangu na binti tuliwaunganisha kwenye maombi yangu. Nikipewa, tumepewa wote. Nikikataliwa, tunafunga mizigo wote, na binti yetu nchi nyingine haijui. Kwa hiyo mke wangu nikamtoa kwenye orodha yangu ya kichwani, ingawa sikumtoa mbali.

Shemeji alikuwa pale pale, anakunja blanketi lake huku akipiga mluzi.

"Pole na mizunguko, shemeji. Wamesemaje?"

"Wamesema watapiga simu."

"Basi ni heri! Wakisema watapiga simu, ni heri."

Akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Mimi tabasamu lile nikaliweka akiba.

Kesho yake nilianza na jirani wa mlango unaotazamana na wetu. Ni mzee mwenyeji wa nchi hii, ana mbwa mnene mwenye miguu mifupi, na ana tabia ya kufungua mlango kila anaposikia viatu kwenye ngazi. Nilimvizia kwenye lifti.

"Samahani, mzee. Wewe huwa unaongea na watu wa ofisi ya uraia?"

"Mimi?" akashangaa. "Mimi siongei hata na dada yangu."

"Lakini unajua kwangu tunaishi watu wangapi."

"Sijui, wala sina haja ya kujua. Ninayemjua ni yule kijana wenu anayenitembezea mbwa goti likinisumbua. Kijana mzuri sana yule. Na juzi alipendeza, acha tu!"

"Alipendeza vipi?"

"Alivaa suti ya buluu iliyokolea. Nikamuuliza, je, leo unaoa? Akacheka, akaniambia, karibu na hivyo."

Mbwa akaninusa kiatu. Lifti ikafika, mzee akaingia, mimi nikabaki nje nimetoa macho.

Mimi nina suti moja tu duniani, na ni ya buluu iliyokolea.

Nilirudi chumbani mbio nikafungua kabati. Suti ilikuwa pale pale inaning'inia, mpole. Lakini mimi kazi yangu ni pasi. Niko kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya mahoteli, na kutwa nzima nasimama mbele ya mashine ya kunyoosha. Nguo haiwezi kunidanganya. Nikaishika suruali kwenye mwanga wa dirisha. Mguu wa kushoto ulikuwa na mikunjo miwili iliyofuatana kama reli ya treni. Mimi sijawahi kupiga pasi hivyo tangu niache kunyonya. Nikanusa kola ya koti, ikanuka jasho la mtu mwenye wasiwasi.

Sasa jiulize na wewe. Mtu hana kazi, hana kibali, hata dukani anapita njia ya nyuma asikutane na askari. Anavaa suti ya mwenzake kwa siri, anakwenda wapi?

Kazini jibu lilikuwa linanisubiri kwenye meza ya kukunjia.

Yupo mwenzangu tunayemwita Kijiko, kwa vile hakuna chungu cha mtu asichokikoroga. Naye ameomba uraia, tena aliomba kabla yangu, na mimi nilikuwa namshuku kama kawaida. Ni kweli tumesaidiana sana. Mgongo ulipomlaza, nilimgongea kadi yake ya mahudhurio kana kwamba yupo kazini na kufanya zamu zake mpaka akapona, ili mahali pake pasichukuliwe. Lakini wivu haukumbuki mgongo.

"Mzee wa Pasi," akanianza, "mbona uso umekunjamana hivyo? Pita kwenye mashine kidogo."

"Kijiko, nataka kukuuliza, na usinizungushe. Umewahi kunitaja ofisi ya uraia?"

Akaacha shuka lining'inie. "Unaniuliza mimi? Umemaliza kumuuliza shemeji yako?"

"Shemeji yangu amefanya nini?"

"Mimi nilidhani umemtuma! Kabla ya mahojiano yako nilikwenda kuulizia mambo yangu, nikamkuta kwenye benchi la mbele, kajipigilia suti, anasubiri kuitwa. Nikamsalimu. Akajifanya anasoma maelezo ya kuzima moto."



Kijiko akasogea karibu. Akisogea hivyo ujue anakoroga. "Mimi si mtu wa kusema. Lakini mtu asiye na kibali anayekwenda kwa maafisa kwa miguu yake mwenyewe, ana kitu cha kuwapa. Anawapa mtu, wanampa kibali. Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Nimesikia tu."

Mashine ikala shuka. Miaka yote mashine haijawahi kunilia shuka. Msimamizi akaja juu, akapayuka, akaizima, na mimi nimesimama namwangalia bila kumsikia. Nilikuwa naona kochi langu. Namlaza mtu, namlisha, namfungulia maji ya moto aoge, kumbe amelala anahesabu bei yangu.

Jioni nilipofika nyumbani, Shemeji na binti yangu walikuwa sakafuni wanatengeneza nyumba kwa maboksi ya viatu. Mke wangu alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Binti, ingia chumbani," nikasema.

"Baba, tunaweka paa."

"Ingia chumbani!"

Akaingia. Shemeji akainuka. Huwa anainuka haraka nikiingia, ni mtu wa adabu sana, na siku ile adabu yake ndiyo iliyonichefua zaidi.

"Ulikwenda wapi na suti yangu?"

Akashika kichwa. "Shemeji, unisamehe. Nilitaka kukuomba, nikaona haya."

"Sijauliza habari za suti. Nimeuliza ulikwenda wapi."

"Kwenye jambo la heri."

"Jambo gani la heri linafanyika ofisi ya uraia?"

Jikoni maji yakafungwa.

"Nani kakwambia?" akauliza.

Umesikia hilo? Hakusema si kweli. Alisema nani kakwambia!

"Kwa hiyo ni kweli."

"Shemeji, kuna mambo hayasemwi kabla hayajaiva. Ukiyasema yanaharibika. Nivumilie kidogo tu. Utafurahi mwenyewe."

"Nitafurahi! Umewaambia kwamba unalala hapa, au hukuwaambia?"

"Nimewaambia."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, tena kwa heshima zote."

Kwa heshima zote! Wewe msomaji ungefanya nini? Mimi nilikwenda kwenye kona, nikachukua begi lake, nikalitupa katikati ya nyumba ya maboksi.

"Funga mzigo."

Mke wangu alitoka jikoni mikono inachuruzika povu. "Baba watoto, muulize kwanza kasema nini kingine."

"Nimesikia ya kutosha."

"Hujasikia kitu. Tangu jana unatafuta mtu wa kumfukuza, na huyu ndiye wa karibu."

"Huyu ametuuza!"

"Huyu ni mdogo wangu. Ukimtoa nje leo, anakwenda wapi?"

"Aende kwa waliompa bei."

Shemeji hakubisha. Alipanga nguo zake mbili tatu, akalikunja blanketi vizuri kama afanyavyo kila siku, akaliweka juu ya kochi. Mlangoni akageuka.

"Kama nimekuharibia, shemeji, unisamehe. Nilidhani ndivyo inavyofanywa."

Mimi nilichosikia ni kwamba ameniharibia. Mengine sikuyasikia. Nikafunga mlango.

Binti akachungulia kutoka chumbani. "Mjomba anakwenda wapi?"

Mke wangu akamshika mkono wakaingia chumbani kwa mtoto, nami nikasikia ufunguo unazungushwa. Nikakaa kwenye lile kochi. Nitakuambia ukweli, maana ndilo jambo tuliloahidiana mimi na wewe kwenye kurasa hizi. Sikujuta. Nilijiona mwanamume aliyeziba tundu kabla chombo hakijavuja.

Asubuhi nilipoamka nyumba ilikuwa kimya. Mke wangu hayupo, binti hayupo. Nikadhani amempitisha mtoto shule na kuwahi zamu, na kwamba hasira zikipoa atarudi. Nikaenda kazini. Hata koti sijavua, simu ikalia.

"Unaombwa ufike ofisini leo," ikasema sauti. "Sasa hivi ikiwezekana."

Chumba cha Bi Kalamu ni kidogo. Kina meza, viti viwili, ua la plastiki lenye vumbi, mlango wa kuingilia, na mlango mwingine wa pembeni wa kwendea chumba cha pili. Huo wa pembeni ulikuwa umeegeshwa. Safari hii alinitazama usoni, na hilo likanitia hofu kuliko kutotazamwa.

"Kuna mtu amekuja hapa mara tatu kwa ajili yako," akasema.

"Namjua," nikarukia. "Ni mwongo yule."

"Ajabu. Hana baya hata moja alilolisema juu yako."

Nikalitazama lile ua la plastiki.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," akaendelea. "Wanaokuja kuchongea wenzao nimewazoea, nina kiti chao kabisa. Huyu alikuja kukusifu. Sikujua nimweke wapi. Sheria ilinitaka nimshike siku ile ile, kibali chake kimeisha. Nikamwambia aondoke, nikitumaini hatarudi. Akarudi."

Akanisimulia, na mimi nakusimulia kwa lugha yetu.

Shemeji aliingia akiwa ndani ya suti. Hakukaa mpaka alipokaribishwa. Akamuuliza afya yake, akamuuliza wazazi kama wazima, akamuuliza watoto. Bi Kalamu akadhani amekosea mlango. Ndipo Shemeji akasema amekuja kunisemea. Akaeleza kwamba kwao mwanamume akitaka kuoa haendi kuomba mwenyewe, maana ni aibu mtu kujisifu. Hutuma mshenga, mtu mwenye kauli nzuri, akamwombee. Na yeye alikuwa ananiona muda wote nahangaika kuomba nchi nzima peke yangu, sina hata mtu mmoja wa kunisemea. Akajua ndiyo maana sipewi.

"Akasema ulipomwoa dada yake ulimtuma mtu," akasema Bi Kalamu. "Yeye alikuwa kijana mdogo, akakaa mlangoni akasikiliza kila neno. Anasema bila maneno ya yule mtu usingempata."

Ni kweli tupu. Baba mkwe alikuwa ameshakataa. Mshenga wangu alisema mpaka mzee akatoa kitambaa akajifuta macho.

"Basi na yeye akasema. Niliyaandika maneno yake, nikusomee." Akavaa miwani. "'Shemeji yangu ana moyo. Mimi kibali kimeisha, kazi sina, lakini ananilaza sebuleni kwake na kunilisha, na hajawahi kuniuliza nitaondoka lini.'"

Ta!

"'Rafiki yake alipoumwa mgongo, alimgongea kadi na kumfanyia zamu zake zote ili asifukuzwe.'"

Ta!

"'Marehemu kaka yake aliacha watoto, akawachukua wote. Ni watoto wake. Anawasomesha kule nyumbani na hamtofautishi hata mmoja na huyu wa kumzaa.'" Akavua miwani. "Wewe umetuambia una mtoto mmoja."

Nikafunika uso kwa viganja. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa kitanzi. Kwetu mtu akisemewa hivyo anapewa mke na dua juu. Huku ananyimwa nchi. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na katikati yake nikaisikia ile sauti ya mlangoni: nilidhani ndivyo inavyofanywa. Ndugu yangu, niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Mtu aliyenitafutia heri nilimtupia begi.

"Ya kadi na ya watoto tutayazungumza," akasema Bi Kalamu. "Yanaelezeka. Uongo ndio hauelezeki. Nilikuuliza nani analala sebuleni, ukasema hakuna. Yeye anasema ni yeye. Mmoja wenu amenidanganya. Nikikuta ni wewe, maombi yanafungwa, yako na ya familia yako."

"Naomba nieleze..."

"Subiri. Leo asubuhi mlinzi amemkuta amelala kwenye ngazi za jengo hili, begi chini ya kichwa. Alitaka awe wa kwanza kuingia. Na amebadilisha maneno. Sasa anasema alitunga yote. Anasema hakujui, jina lako aliliona tu kwenye kisanduku cha barua, na hajawahi kulala kwako hata siku moja. Kama hayo ndiyo ya kweli, mdanganyifu ni yeye. Anarudishwa kwao leo, na hapa hatakanyaga tena. Nataka neno lako tu."

Akabonyeza kengele. Mlango wa kuingilia ukafunguka, mlinzi akamwingiza Shemeji.

Shati lilikuwa limekunjamana, macho mekundu kwa baridi ya ngazi. Akanitazama kama unavyomtazama mtu mliyekutana kwenye foleni ya hospitali.

"Habari yako, mzee," akasema.

Tangu nimemjua hajaniita mzee. Siku zote ni shemeji, hata akiwa amekasirika.

"Nzuri," nikajibu.

"Unamjua mtu huyu?" akauliza Bi Kalamu.

Shemeji akatikisa kichwa, kidogo sana, wa kuona ni mimi tu. Alikuwa ananiomba. Alijua ameniharibia kwa mdomo wake na sasa alitaka kunitengenezea kwa mgongo wake.

Niliwaza mke wangu na miguu yake ndani ya beseni. Nikawaza binti yangu anafunga mizigo. Hayo ningeweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote. Lakini kuna jingine, na hili linaniuma kulisema. Hata pale, baada ya yote niliyosikia, bado nilishuku. Nikajiambia, je, kama ni mtego? Je, kama wamepanga, yeye na Bi Kalamu, niseme namjua, wanikamate kwa maneno yangu mwenyewe? Mbona hasemi shemeji? Mbona anatikisa kichwa? Shaka ikikuingia haikuachi hata mbele ya mtu anayekufia.

"Simjui," nikasema.

"Hujawahi kumwona?"

"Sijawahi."

"Hajawahi kulala kwako?"

"Nitamlazaje mtu nisiyemjua?"

Shemeji akashusha pumzi. Akatabasamu, lile lile tabasamu lake la kuficha zawadi, na safari hii nikalielewa.

"Asante, mzee," akasema.

Nilingoja ta! Haikuja. Bi Kalamu aliilaza kalamu mezani taratibu, na mara ya kwanza nikaona uso wake umechoka.

"Nilitamani ujibu vingine," akasema. "Kuna mwanamke amekuja hapa leo kabla yako. Tangu alfajiri anazunguka mitaani anamtafuta mdogo wake, na mtoto amemshika mkono. Alipomkuta kwa mlinzi wetu, akaja kwangu, akanieleza yote. Kochi, blanketi, na namna alivyotolewa nje. Akasema kama maombi ni ya kufungwa basi yafungwe, lakini mdogo wake asirudishwe kwao kama mhalifu kwa kosa la kumpenda mtu. Nikamwambia, mumeo akija akasema ukweli kwa hiari yake, ipo njia ya kuwasaidia nyote. Akaniambia ngoja uone, atasema. Akaniapia."

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nikamwomba akae chumba cha pili, asikudokeze kitu."

Mlango wa pembeni ukafunguka. Binti yangu alitoka mbio na sare zake za shule. Alinipita kana kwamba mimi ni kiti, akamrukia mjomba wake na kumkumbatia kiunoni. Shemeji hakujua aweke wapi mikono. Alinitazama mimi kwanza, kana kwamba bado anasubiri ruhusa ya kumjua mtoto.

Kisha akatoka mke wangu. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele ya kiti changu, akasimama pale na miguu yake iliyovimba.

"Rudia," akasema. "Mlango ulikuwa umeegeshwa. Rudia hilo neno ulilosema juu ya mdogo wangu, nilisikie vizuri."